Jiwe la mama kwenye foleni

Kuna voisi noti ya kaka yangu nimeitunza kwenye simu mpaka leo sijaifuta. Dakika mbili na nusu, kaituma kwenye grupu la familia akiwa Dar, nyuma unasikia honi na konda anaita abiria, yuko kwenye foleni ya magari anarudi kazini, anasema mdogo wangu vumilia, mama ndo pepo yetu, mvumilivu hula mbivu. Dada yetu aliyeko Muscat akajibu na vile vimkono vya kuomba dua, vitano. Mi hiyo voisi nimeisikiliza nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa bafuni, kanga imelowa mpaka kiunoni, povu la sabuni jichoni, na mama kasimama kwenye kona ameshikilia gauni lake kwa mikono miwili hataki kulivua, siku ya tatu hajaoga, ananiambia we mwanamke toka nyumbani kwangu mi sikujui.

Nikacheka. Haki ya Mungu nilicheka peke yangu mule bafuni. Mbivu gani jamani?

Maana embe unalisubiri kwa sababu unajua linaiva. Unalipita kila siku pale mtini, unalibonyeza, unasema bado, wiki ijayo. Ugonjwa wa mama hauendi hivo. Huu ni embe linalorudi nyuma, leo limeiva kesho bichi, keshokutwa limekuwa ua. Mama alianza kwa kusahau chumvi, akaja kusahau kama kala, akaja kusahau kwamba baba alishafariki (hiyo tulimwambia mara ya kwanza akalia kama kapata habari saa ile, tukamwambia mara ya pili akalia vilevile, mara ya tatu nikasema basi, sirudii tena kumfiwisha mama yangu), na sasa ananisahau mimi. Sasa mtu akiniambia vumilia, namuuliza moyoni nivumilie mpaka lini, nafika wapi? Maana mwisho wa safari hii sote tunaujua na hakuna anayeuombea ufike haraka.

Tuko Tanga, Ngamiani, moja ya zile barabara zenye namba. Mi ni kitinda mimba, nashona, cherehani yangu iko hapahapa ukumbini kwa hiyo ndo ikaonekana mimi ninaweza kukaa na mama kwa sababu "niko tu nyumbani". Wanaoshona watanielewa hapo. Mume wangu na mtoto wako hapa pia, mume anaenda bandarini asubuhi anarudi jioni.

Hospitali ya kwanza tuliyompeleka walituambia ni uzee tu, tumpe matunda. Tukarudi nyumbani na matunda. Miezi mingi imepita ndo tukapata daktari kijana, mtaratibu sana, akamkalisha mama kwenye kiti akamuuliza mama leo siku gani, mama akajibu siku ya Mungu. Akamuuliza rais wetu nani. Mama akamwangalia kama mtu anayemuonea huruma kijana wa watu, akamwambia "Kwani Mwalimu kaenda wapi?"

Yule daktari hakucheka. Aliniambia kuna wa kwanza kuuandika ugonjwa huu vizuri, daktari mmoja Mjerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906, ndo maana ugonjwa unaitwa kwa jina lake, na yule mgonjwa wake alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu tu huko Frankfurt, akiulizwa jina la mume wake anajibu jina lake mwenyewe. Akanieleza kumbukumbu mpya ndo zinaanza kwenda, za zamani zinachelewa kuondoka. Yaani ubongo unafuta kuanzia leo kurudi nyuma. Na akasema sio kila anayesahau ana huo, wapime kwanza damu, vitamini, tezi ya shingo, aangalie na dawa anazokunywa, maana kuna vingine vinatibika. Vya mama havikuwa vile vinavyotibika. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na matatizo ya aina hii duniani na wengi wao wako nchi za kipato kama chetu, na mi nikajiuliza sasa hao wote wanaogeshwa na nani, na hao wanaoogesha wanalala saa ngapi.

Sasa niwaambie kuhusu sukari.

Kila jioni, jua likianza kuzama tu, mama anabadilika. Mchana anaweza kuwa mpole kabisa anachambua mchele, ikifika magharibi anaanza kuzunguka, anatafuta viatu, anafungua mlango. Daktari alisema hiyo inawatokea wengi, mwanga ukipungua na mwili ukichoka akili inavurugika zaidi. Na mama yangu akivurugika anataka kwenda kupanga foleni ya sukari.

Mliozaliwa juzi hamjui. Baada ya vita ya Kagera nchi ilikauka, miaka ya themanini mwanzoni sukari hamna, sabuni hamna, watu walifulia majani ya mpapai, kanga mpya ilikuwa kama dhahabu. Ukisikia mzigo umeingia duka la RTC, ile kampuni ya biashara ya mkoa ya serikali, unakimbia usiku huohuo kupanga foleni, na kwa vile huwezi kusimama pale mpaka asubuhi na mtoto mgongoni, watu waliweka mawe. Jiwe lako linakaa kwenye mstari linakushikia nafasi, unaenda nyumbani unapika unarudi unalisogeza. Mi nimezaliwa 1982, kwa hiyo mtoto wa mgongoni kwenye hadithi hii ndo mimi. Mpaka Mwinyi alivyoingia 85 mambo yakaanza kulegezwa ndo watu wakapumua.

Basi mama anataka kwenda kwenye hiyo foleni. Mwanzoni mi nilikuwa mwalimu. Mama, sukari ipo jikoni kilo mbili. Mama, RTC haipo siku hizi. Mama, Mwalimu alishafariki 1999, hiyo foleni imekwisha miaka arobaini iliyopita. Namuonyesha mpaka mfuko wenyewe, nafungua, nampa aonje. Anaonja, anasema tamu, alafu anavaa viatu. Nikifunga mlango anapiga kelele majirani waje, ati nimemfungia watoto wake wakafa njaa. Watoto wake! Mimi ndo mtoto wake. Kila jioni vita, nusu saa, saa nzima, namshinda kwa hoja alafu nakuta mwenzangu hayuko kwenye mjadala huo, yuko mwaka 1983 ana mtoto anayelia na chungu hakina kitu.

Na hapa ndo niseme kitu ambacho sijamwambia hata dada.

Kuna jioni moja mwezi wa Ramadhani, nimefunga, nina magauni manne ya sikukuu hayajaisha na wenyewe wanapiga simu, mama kanitoka mpaka barabarani pekupeku. Nimemkimbilia, nimemrudisha, kaniparamia tena mlangoni, nikamshika mkono hapa juu ya kiwiko nikamvuta kwa nguvu nikamkalisha. Nikamfokea. Maneno niliyosema siyaandiki. Alafu nikaona vidole vyangu, vinne, vimejiandika kwenye ngozi yake, ngozi ya mzee ni kama karatasi ya kutolea patani, inaonyesha kila kitu. Nilikaa chini pale sakafuni nikalia kwa sauti. Mama akaniangalia, akainuka kwenye kiti polepole, akanisogelea akanifuta machozi kwa ncha ya kanga yake, akaniuliza "Nani kakuliza? Niambie mwanangu, nikamseme."

Alishasahau. Dakika kumi hazijafika. Mi sijasahau na ile alama ilikaa siku tisa, ikawa zambarau, ikawa kijani, ikawa njano, nikiwa namuogesha naiona.

Kwa hiyo mtu akinisifia kwamba nina subira nakaa kimya. Subira yangu naijua ina urefu gani, nimeshaufikia mwisho wake.

Kilichofuata hakikuwa mpango wa mtu mwenye hekima, ilikuwa uchovu. Siku moja kaanza habari za foleni, mi sina nguvu ya kubishana, nikajikuta nimemjibu bila kufikiri, "Mama nimeshakuwekea jiwe." Akasimama. Akaniuliza, "Umeweka?" Nikamwambia nimeweka. "Jiwe gani?" Lile jeupe kubwa. "Mbele yako wangapi?" Nikasema kumi na mbili. Akafikiri kidogo, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akakaa. Akasema basi mi ngoja nipumzike ukifika karibu uniite.

Nilisimama pale mlangoni kama mjinga. Mwaka mzima namwambia sukari ipo na haikumsaidia kitu, kumbe sukari haikuwa shida yake. Alikuwa anaogopa nafasi yake itachukuliwa.

Najua kuna watakaosema huo ni uongo, na mama yangu mwenyewe ndo alinilea kwamba uongo ni dhambi. Nimeshajibizana na shemeji yangu mmoja kwa hilo. Mi nasema mtu akikwambia nina njaa ya mwaka 83 umjibu kwa chakula cha mwaka 83, cha leo hakimfikii. Kama nina dhambi nitaijibu huko mbele, ila nyumba imetulia.

Hapo ndo nikaanza kuona kwamba nusu ya ugomvi wetu nilikuwa nauleta mimi kwa haraka zangu. Kama vile maswali. Namuuliza mama unataka chai au uji, anakaa kimya, nauliza tena kwa sauti ya juu, anakaa kimya, nauliza mara ya tatu nimeshakasirika, anaanza kulia. Siku moja nimeuliza alafu simu ikaita, nikawa naitafuta kwenye vitambaa, nasikia nyuma yangu "uji". Kumbe jibu lilikuwa linakuja! Lilikuwa njiani kila siku, mi nilikuwa nalipiga teke kwa swali jingine kabla halijafika. Sasa hivi nikiuliza nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi, polepole, kama navyohesabu mishono. Mara nyingi saba au nane ndo linatoka. Jaribuni hata kwa wazima, mume wangu anafika sita.

Kuoga pia. Niliacha kusema neno kuoga, maana nikilisema tu amegoma. Sasa nawasha redio kuna taarab za zamani, namwambia mama twende tujiandae kuna harusi. Yule mtu asiyejua jina langu anaimba wimbo mzima, beti zote, hakosei hata neno, na mikono inajiinua yenyewe navua gauni. Namfunika kanga mabegani namwagia maji kwa kata kuanzia miguuni, kwa sababu nilikuja kugundua maji yakianzia kichwani anashtuka anadhani anazama. Hakuna aliyenifundisha, nilijimwagia mwenyewe siku moja nimefumba macho nikasikia inavyokuwa.

Ila siku zingine hakuna kinachofanya kazi, na hizo siku mi naacha. Haogi. Dunia haiishi.

Kitu kingine ambacho nataka mwenye mzee nyumbani akijue. Kuna wiki mama alibadilika ghafla kabisa, siku mbili tu, anaona watu chumbani, anaongea na ukuta, usiku kucha hajalala. Nikasema basi ndo umefika ule mwisho, nikawaambia ndugu wajiandae. Mume wangu akasema tumpeleke kwanza. Walipima mkojo, yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Kwa wazee inaweza isiwashe wala isiume, inaenda moja kwa moja kuvuruga akili. Akapewa antibaotiki, baada ya siku chache karudi kwenye hali yake ya kawaida, yaani hiyohiyo ya foleni. Sijawahi kuifurahia ile foleni kama siku ile. Kwa hiyo akibadilika polepole ni ugonjwa, akibadilika ghafla kimbieni hospitali msikae mkisema tuvumilie.

Na kuna haya ya wizi. Mama alimsingizia binti aliyekuwa ananisaidia kazi kwamba kamuibia kanga yake, binti akalia akaondoka, mi nikaja kuipata kanga ndani ya ndoo ya mchele baada ya wiki mbili, imekunjwa vizuri, wallahi hata jina la hiyo kanga sikulisoma nilivyokuwa na hasira. Nilimpigia yule binti kumuomba radhi kwa niaba ya mama. Alinielewa ila hakurudi, na simlaumu.

Lakini nilichoona kibaya kuliko vyote sio kwa mama, ni kwa mwanangu. Ana miaka tisa. Mimi mchana kutwa ni jiwe jeupe, ni harusi, nahesabu kumi, sauti yangu laini kama ya mtangazaji wa redio, alafu usiku mtoto kaangusha kijiko. Kijiko tu, kimelia pale sakafuni. Nilimpigia ukelele ambao hata mimi niliusikia kama wa mtu mwingine. Akakiokota, akakiosha, akakirudisha, akaniambia taratibu, "Mama, mi hata nikisahau unanifokea. Bibi akisahau humfokei."

Nimebaki sina jibu, nikahesabu kumi, jibu halikuja. Ni kweli. Subira yote nilikuwa namaliza kwa mama, wao wanabakiwa na ukoko. Na ukimuuliza mume wangu atakwambia yeye hata ukoko hapati, anapata sufuria lililolowekwa.

Ndo nikaandika kwenye grupu. Bila vimkono. Nikamwambia kaka, siku saba, chukua likizo uje, mi naenda kwa mama mkwe Pangani na mtoto. Maneno yalikuwa mengi, kazi, bosi, nauli, alafu akaja. Siku ya kwanza kanitumia picha yeye na mama wanakunywa kahawa, kaandika "bi mkubwa yuko poa". Siku ya pili kimya. Siku ya tatu saa tisa usiku simu inaita, ni kaka, ananong'ona kama mwizi, "Dada, yuko mlangoni ana viatu, anataka sukari, nimwambieje?" Kaka mkubwa huyo, ananiita mimi dada. Nikamwambia mwambie umeweka jiwe. Akasema jiwe gani? Nikamwambia jeupe, usikosee.

Alimaliza siku saba zote, hilo nampa. Aliondoka na macho mekundu na hajatuma tena voisi ya mvumilivu hula mbivu. Sasa yeye na dada wa Muscat wanachanga kila mwezi tunamlipa mama mmoja wa mtaa wa pili, mtu mzima mwenye kuongea taratibu, anakuja Jumanne na Alhamisi mchana anakaa na mama. Mi hayo masaa sifanyi lolote la maana. Sisomi Qurani wala sifanyi mazoezi ya kupumua, nalala usingizi wa mate mdomoni. Na jioni ya Jumanne na Alhamisi mi ni mtu mwingine, mtoto kashagundua, mambo ya kuomba hela ya shule anayaleta siku hizo.

Naandika hii usiku, mama yuko kitandani kwake, mi kwenye mkeka chini na simu. Taa ya ukumbini naiacha inawaka. Sasa hivi kainua kichwa.

"Jiwe lipo?"

"Lipo mama."

"Kaangalie."

Nimesema lipo, kasema kaangalie. Basi nikainuka, nikafungua mlango, nikatoka kibarazani nikasimama. Barabara nzima imelala, paka mmoja tu juu ya ukuta. Nikarudi.

"Lipo. Mbele yako wamebaki watano."

Akanyamaza. Nikadhani kalala, nikahesabu, nikafika kama tisa hivi.

"Jana si ulisema wanne?"